Subaru ya Milioni, Tairi za Mitumba: Acheni Mchezo

Wasomaji wangu, leo naweka kando msimbo na seva ili nizungumze juu ya mpira. Ndiyo, mpira! Tairi. Najua kuna atakayesema "huyu naye ameishiwa na mada", lakini nivumilieni hadi mwisho. Haya ni mambo ya kihandisi kama yale mengine ninayoandika hapa. Tofauti ni kwamba programu ikianguka unaiwasha tena, lakini gari likianguka bondeni hakuna kitufe cha kuliwasha upya.

Hoja yangu naiweka mapema, ili asiyetaka ugomvi aondoke sasa: vijana wengi wenye magari ya kasi katika miji hii yetu ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, Karatina na Nanyuki hadi Kerugoya, Embu na Meru, wanaweka pesa zao mahali pasipofaa. Mtu ana Impreza WRX au Forester ya turbo. Ameweka egzosi inayoamsha mtaa mzima wa King'ong'o, amebadilisha taa, ameongeza nguvu ya turbo, ameweka rimu kubwa zinazong'aa. Ukichuchumaa kutazama tairi... Mungu wangu! Mbili ni za kampuni moja, ya tatu ni ya kampuni nyingine, ya nne haijulikani ilikotoka, na zote zilipakwa rangi nyeusi zikaonekana mpya. Kisha mtu huyo anakwambia tairi nzuri ni "ghali".

Si ghali. Ulichokosa ni hesabu. Leo tutaifanya pamoja.

Tairi ndiyo inayojibu

Gari zima linagusa dunia kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Turbo inaomba, breki zinaomba, usukani unaomba, lakini anayejibu maombi yote ni tairi. Ikisema "hapana", hakuna aliye juu yake wa kukata rufaa. Kuongeza nguvu za injini huku tairi ni mbovu ni sawa na kununua seva ya bei kubwa halafu kuiunganisha kwa waya uliooza. Utajisifu kwa seva, lakini wateja wako watauona waya.

Kuna msemo nausikia sana kwenye maegesho: "Subaru haitelezi, inavuta magurudumu manne." Jamani! Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka. Hayakusaidii kusimama, kwa sababu kila gari barabarani, hata Probox ya kubeba mboga kutoka soko la Karatina, linafunga breki kwa magurudumu manne. Hatari yenyewe iko hapo: mvuto wa magurudumu manne unakupa ujasiri wakati wa kuongeza mwendo, na kona inapofika unagundua kwamba ujasiri ule ulikuwa wa mkopo.

Vivyo hivyo kwa ABS. Kompyuta ile inazuia gurudumu lisijifunge ili usukani uendelee kufanya kazi. Haitengenezi mshiko. Inagawa kwa busara mshiko ule ule mdogo uliopo. Mimi naandika programu kwa riziki yangu na nawaambia wazi: hakuna programu inayoweza kugeuza mpira mgumu kuwa mpira laini.

Na wale wanaoniletea habari za mashindano ya magari? Ni kweli, Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 kwa Impreza. Lakini walikuwa na timu nzima ya mafundi na tairi mpya zikiwasubiri, zilizochaguliwa kwa ajili ya barabara ya siku ile. Ukitaka kuwaiga, anzia hapo kwenye tairi, si kwenye stika za bluu na dhahabu.

Hesabu ya kwanza: mita kumi na sita

Chukua kalamu. Umbali wa kusimama, ukiondoa muda wa kufikiri, ni:

umbali = kasi × kasi ÷ (2 × mshiko × 9.8)

Kasi ya 100 km/h ni kama mita 27.8 kwa sekunde. Tuseme barabara imelowa, na tairi nzuri inakupa mshiko wa 0.8. Utasimama baada ya mita 49 hivi. Sasa weka tairi iliyozeeka yenye mshiko wa 0.6. Utasimama baada ya mita 65 na ushei. Tofauti ni mita 16.

Wengi wakisikia mita 16 wanapandisha mabega. "Si nyingi." Haya, uliza swali kwa njia nyingine: pale ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, gari la pili linakwenda kasi gani? Fanya hesabu mwenyewe. Jibu ni 50 km/h! Mmoja amesimama nyuma ya lori la majani chai akimkemea dereva wa lori. Mwenzake ameingia chini ya lori hilo kwa kasi ya hamsini. Magari sawa, breki sawa, dereva sawa. Tofauti ni mpira tu.

Hesabu ya pili: maji

Miaka ya 1960 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walichunguza jinsi tairi za ndege zinavyoelea juu ya maji badala ya kuyakata. Walipata kanuni rahisi ambayo bado inatumiwa kama kipimo cha haraka. Kwa vipimo vyetu inakuwa hivi:

kasi ya kuelea (km/h) = karibu 16.7 × kipeuo cha pili cha upepo (psi)

Upepo ukiwa psi 32, tairi isiyo na meno huanza kuelea karibu na 94 km/h. Upepo ukiwa psi 25, inaelea karibu na 83 km/h. Tairi yenye mifereji mirefu hufukuza maji na kukuongezea nafasi, ndiyo kazi ya mifereji hiyo. Tairi kipara haikuongezei chochote.

Sasa tazama tunakoishi. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, zinamwagwa na Mlima Kenya upande mmoja na Nyandarua upande wa pili. Barabara ya Nyeri kwenda Othaya inapinda katikati ya mashamba ya chai, na maji yanavuka lami pale mitaro ilipoziba. Ukitoka Kiganjo kupitia Chaka na Naro Moru hadi Nanyuki, barabara imenyooka na inashawishi mguu wa kulia. Ukienda Embu, Chuka hadi Meru unashuka na kupanda mabonde ya mito, na hakuna asiyelijua daraja la Nithi na mteremko wake. Hizi si barabara za kufanyia majaribio ya tairi ya miaka tisa.

Na baridi je? Kila nyuzi 10 za joto zikishuka, upepo wa tairi hupungua kwa psi 1 na nusu hivi. Ukijaza mchana wa jua kule Sagana halafu ukaamka na asubuhi ya Julai hapa Nyeri, tayari umepoteza kiasi fulani bila pancha yoyote. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, na fuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva, si maoni ya kijana wa petroli stesheni anayeweka 40 kwa kila gari.

Takataka nne tunazouziwa

Tangu kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza tairi za Yana kiache kuzitengeneza mwaka 2016, tairi mpya tunazokutana nazo madukani ni za kutoka nje. Sina ugomvi na bidhaa za nje. Ugomvi wangu ni na sisi tunaozinunua tukiwa tumefumba macho.

*Ya kwanza ni tairi za mitumba, "ex-Japan".* Muuzaji anakwambia Mjapani hutupa tairi ikiwa bado nzuri. Sawa, tuseme ni kweli. Tuhesabu. Tairi mpya ina meno ya milimita 8 hivi. Alama za kikomo zilizo ndani ya mifereji ziko kwenye milimita 1.6, lakini mshiko kwenye maji huanza kuanguka vibaya kabla ya hapo, kwa hiyo mimi naacha kutumia nikifika milimita 3. Sasa, tuseme mitumba inauzwa 6,000 na imebaki na milimita 5. Umenunua milimita 2 za kutumia, yaani shilingi 3,000 kwa milimita. Tairi mpya nzuri tuseme ni 15,000. Inakupa milimita 5 za kutumia, yaani shilingi 3,000 kwa milimita. SAWASAWA! Umelipa bei ile ile kwa mpira uliokwisha kuzeeka, usiojua uligonga mashimo mangapi wala uliendeshwa bila upepo mara ngapi. Bei hizo ni za mfano. Weka za duka lako uone jibu linakuja vipi.

*Ya pili ni tairi za theluji.* Hii ndiyo inayonichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Magari mengi yanatoka Japani, na sehemu kubwa ya Japani ina theluji. Kwa hiyo zinakuja tairi zenye maandishi STUDLESS ubavuni, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx. Ni tairi bora kabisa... kwa barafu! Mpira wake ni laini ili usigande kwenye baridi kali, na meno yake yamekatwakatwa vipande vidogo. Kwenye lami yenye joto vipande vile vinayumba, gari linahisi kama limekanyaga godoro, mpira unaisha upesi, na breki kwenye maji zinarefuka. Nyingi zina alama Q, yaani zimeidhinishwa hadi 160 km/h tu. Theluji yetu iko Batian na Lenana, na hakuna barabara ya kufika huko.

*Ya tatu ni tairi zilizochongwa.* Tairi kipara, kisu cha moto, mtu mwenye mkono mtulivu, na mifereji "mipya" inazaliwa kando ya barabara. Mpira uliokuwa unalinda nyaya za ndani ndio uliochongwa. Sina la kuongeza hapa ila hili: ukimwona mtu anaweka tairi hiyo kwenye gari la turbo, mnyime lifti, yaani usiipande.

*Ya nne ni mchanganyiko.* Leo moja, mwezi ujao nyingine. Kwa gari la kawaida ni ubahili. Kwa Subaru ni kujichimbia shimo, na hii nieleze vizuri kwa sababu inagusa mfuko.

Subaru inashauri mizingo ya tairi nne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Mzingo ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo milimita 6 za mzingo ni milimita 2 za kipenyo, ambazo ni milimita 1 tu ya meno. Sasa umeweka tairi moja mpya yenye milimita 8 pamoja na tatu zenye milimita 4. Kipenyo kimepishana milimita 8, mzingo umepishana milimita 25. Umevuka kikomo mara nne! Gurudumu dogo linazunguka haraka kuliko mwenzake kilomita zote, hata kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye WRX ya gia za mkono, difu ya katikati ina kifaa chenye mafuta mazito ambacho kimekusudiwa kufanya kazi pale tu gurudumu linapoteleza. Wewe umekipa kazi ya saa zote. Kinachemka, kinachoka, kinakufa. Bei ya kukibadilisha muulize fundi wako, kisha urudi uniambie ulikuwa umeokoa ngapi.

Na nyinyi waabudu majina, msicheke

Upande wa pili wa barabara kuna kundi lingine. Hawa wanasema ukikosa pesa za Michelin Pilot Sport basi uza gari. Kila cha China ni "fake", kila cha Ulaya ni dhahabu. Nao wamekosa hesabu vilevile.

Tazameni nani anamiliki nini. Pirelli, jina la Italia, iliingiliwa na ChemChina ya China mwaka 2015 kama mwanahisa mkubwa. Vredestein ya Uholanzi iko mikononi mwa Apollo ya India tangu 2009. Falken ni ya Sumitomo ya Japani. Michelin yenyewe ina kiwanda China. Bendera haikwambii tairi itasimama wapi.

Kati ya jina kubwa kabisa na tairi isiyo na jina kuna ngazi ya kati, na hapo ndipo thamani ya pesa inapokaa: Falken, Toyo, Yokohama, na Wakorea watatu, Hankook, Kumho na Nexen. Sisemi kila tairi ya kampuni hizi ni nzuri. Kila kampuni ina modeli ya michezo, ya starehe na ya kubana matumizi, na kulinganisha kampuni badala ya modeli ni kama kusema "programu za kampuni fulani ni nzuri" bila kutaja toleo. Ninachosema ni kwamba anza kutafuta hapo, ukiwa na namba mkononi.

Na namba nazo zina hila. Kuna inayopendwa sana na wauzaji: TREADWEAR, iliyopigwa ubavuni pamoja na herufi mbili. "Hii ni 500, ile ni 300, chukua hii itadumu." Subiri! Namba hiyo hutokana na utaratibu wa serikali ya Marekani. Tairi huendeshwa kwenye msafara huko Texas kwa maili 7,200, yaani kilomita 11,600 hivi, na kulinganishwa na tairi maalumu ya kipimo. Lakini anayepima na kutangaza namba ni kampuni yenyewe. Kwa hiyo inafaa kulinganisha modeli mbili za kampuni moja. Kulinganisha kampuni mbili ni kubahatisha. Herufi ya mshiko inayofuata, AA hadi C, hupimwa kwa breki kwenye lami na zege iliyolowa, mstari ulionyooka. Haisemi lolote kuhusu kona.

Bora zaidi ni lebo ya Umoja wa Ulaya. Ilianza 2012 na ikarekebishwa Mei 2021. Sasa inatoa herufi A hadi E kwa mshiko kwenye maji na kwa ulaji wa mafuta, pamoja na kelele kwa desibeli. Na hapa ndipo roho yangu ya uprogramu inafurahi: data yote iko kwenye hazina inayoitwa EPREL, iko wazi, bure, kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Mwuzaji wa hapa mjini anaweza kuwa ameivua lebo, lakini ikiwa modeli hiyo inauzwa Ulaya unaitafuta mwenyewe kwa simu ukiwa umesimama dukani. Hakikisha saizi ni ile ile kabisa, maana modeli moja inaweza kupata A kwenye saizi hii na C kwenye saizi ile. Kumbuka pia kwamba lebo haipimi kona wala tairi ikishazeeka. Kwa hayo soma majaribio ya ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, ambacho hununua tairi na kuzipima zikiwa ubavu kwa ubavu.

Namna ya kununua, hatua kwa hatua

1. *Soma saizi.* Mfano 215/45R17 87W. Upana milimita 215. Urefu wa ubavu ni asilimia 45 ya upana huo. Rimu ya inchi 17. Namba 87 maana yake tairi moja inabeba kilo 545, na W maana yake 270 km/h. Usishuke chini ya uzito na kasi zilizoandikwa kwenye kibandiko cha gari lako.

2. *Soma tarehe.* Tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, ziko upande wa pili wa tairi, na muuzaji atakwambia "si lazima". Ni lazima! Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri kubadilisha tairi baada ya miaka 6, na kampuni za tairi huweka 10 kuwa mwisho kabisa hata meno yakiwa marefu. Kumbuka Kenya inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo gari "jipya" kutoka Mombasa linaweza kuja na tairi za umri wa mtoto wa shule ya msingi.

3. *Mshiko kwenye maji kwanza.* A au B. Chini ya hapo, kwa mvua zetu na gari la turbo, usinunue hata ukipunguziwa bei.

4. *Piga hesabu ya kilomita, si ya tairi.* Bei ya tairi nne gawanya kwa kilomita utakazopata. Mfano wa kubuni: tairi za 9,000 zikidumu kilomita 25,000 zinakugharimu shilingi 1,440 kwa kila kilomita 1,000. Tairi za 15,000 zikidumu kilomita 45,000 zinakugharimu 1,333. Ile "ghali" ndiyo rahisi.

5. *Linganisha na petroli.* Gari la turbo likila lita moja kwa kilomita 9, na lita tuseme 180, kilomita 1,000 zinakula shilingi 20,000. Hata kama tairi bora ingekuongezea 300 kwa kilomita hizo, hiyo haifiki lita mbili. Unachoma zaidi ya hizo ukivuma kwenye maegesho ya Kamakwa ukisubiri nyama.

6. *Nunua nne, siku moja, modeli moja.* Kisha zungusha nafasi zake kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili ziishe kwa pamoja. Fanya alainimenti na balansi siku hiyo hiyo. Tairi nzuri kwenye gari lililopinda inaisha upande mmoja kabla hujalipa deni la chama.

"Lakini sina pesa"

Hii ndiyo hoja pekee ninayoiheshimu. Maisha ni magumu, na sitamcheka mtu kwa mfuko wake. Lakini mwenye hoja hii nina swali moja kwake: zile rimu za inchi 18 zilitoka wapi?

Uza rimu! Kama breki za gari lako zinaruhusu, shuka hadi inchi 16. Tairi ya 205/55R16 ina kipenyo cha milimita 632 hivi, na ya 215/45R17 ina 625. Tofauti ni asilimia moja, spidomita haitakusaliti. Mara nyingi saizi ndogo huwa na bei ya chini na modeli nyingi zaidi za kuchagua. Na ubavu unatoka milimita 97 hadi 113, milimita 16 zaidi za mpira kati ya rimu na shimo. Anayezijua barabara za vijijini, ukiacha lami ya Mukurweini au Ihururu na kuingia kwa nyanya, anajua milimita hizo zina thamani gani. Hakikisha tu kwamba rimu ya 16 inapita juu ya kalipa za breki. Za STI kubwa hazikubali, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa.

Bado pesa hazitoshi? Basi endesha polepole. Nasema kweli. Tairi mpya ya bei ya chini, ya mwaka huu, nne zinazofanana, kwenye gari linaloendeshwa kwa 80 km/h, ni salama kuliko jina kubwa la mitumba linaloendeshwa kwa 140. Hakuna aibu. Aibu ni kununua nguvu usizoweza kuzisimamisha.

Maana wengine barabarani hawakuchagua egzosi yako. Mama anayevuka pale Chaka na gunia la viazi hakuulizwa. Mtoto wa shule aliyekaa nyuma ya boda boda pale Ruring'u hakupiga kura kuhusu turbo yako. Wanategemea jambo moja tu, kwamba ukikanyaga breki, gari litasimama. Hiyo ndiyo ahadi ya kila mwenye gari, na imeandikwa kwenye mpira.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujamtumia fundi pesa za kuongeza nguvu, chukua tochi ya simu, chuchumaa kando ya gari, futa vumbi, utafute zile tarakimu nne kwenye kila gurudumu. Ziandike. Pima meno kwa rula. Kama namba zako ni nzuri, nakupongeza, endelea kunguruma. Kama si nzuri, sasa unajua pesa ziende wapi kwanza.

Mwenye hoja ya kupinga alete. Ila alete namba, kelele tunazo za kutosha kwenye egzosi.